Kaa la Moto Lililoanguka Barazani

Katika mtaa wao, siku ilianza kwa kuomba moto.

Hiyo ilikuwa Malindi ya zamani, kabla ya vita vya Wajerumani, wakati pamba ilipolimwa sana Mambrui na mashamba ya jirani. Vibiriti vilikuwapo dukani, lakini aliyekuwa nacho alikifunga pembeni mwa leso yake na hakukitoa ovyo. Wanawake wa mtaani walikwenda kwa Bi Tumu. Bi Tumu alikuwa mjane, na kila usiku alifukia makaa yake majivuni. Alfajiri aliyafukua, akayapuliza, kisha akakaa mlangoni kungoja watu.

"Shikamoo, Bi Tumu."

"Marahaba, mwanangu. Lete kumbi lako."

Ulikwenda na kipande cha kumbi la nazi. Bi Tumu alikutilia kaa moja au mawili, nawe ukarudi kwako mbiombio, ukipuliza njia nzima ili moto usizimike.

Nyumba zilibanana. Zote zilikuwa za udongo na mapaa ya makuti, na makuti ya nyumba hii yalilalia makuti ya nyumba ile. Wakati wa kaskazi makuti yalikauka hadi mjusi akipita juu ulimsikia. Katikati ya mtaa palikuwa na duka la Bhikhubhai, na nyuma ya duka ghala lake. Kuta za ghala zilikuwa za mawe, lakini paa lilikuwa la makuti kama mengine.

Palikuwa pia na desturi ambayo kila mwanamke aliijua. Mtu ambaye moto wake umeunguza nyumba za watu, hapewi moto tena. Hatukanwi wala hapigwi. Akija na kumbi lake huambiwa, "Umezimika." Akienda nyumba ya pili, "Umezimika." Huku moshi unaonekana ukitoka jikoni.

Mastura aliijua desturi hiyo kuliko wenzake. Alipokuwa msichana kwao Takaungu, alimwona jirani yao akizungushwa hivyo, nyumba hadi nyumba, na kumbi tupu mkononi. Yule mama alivumilia mwezi mzima. Kisha akafunga mizigo yake akahama, na hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi.

Mastura sasa alikuwa mke wa Zubeir, aliyepima pamba kwenye mizani ya Bhikhubhai. Nyumba yao iliegemea ukuta wa ghala. Walikuwa na mtoto mmoja, Mwanaidi, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Tangu kuzaliwa kwa mtoto huyo, Mastura hakutulia. Akipika, alikwenda kumtazama mtoto. Akiwa na mtoto, alirudi kutazama chungu. Usiku aliamka akanusa hewa.

Mara moja alinusa moshi akapiga ukelele wa moto. Wanaume wakaja na maji, wakamwaga. Kumbe Bi Tumu alikuwa akifukiza nguo zake za Idi kwa udi. Nguo zikaloa chapachapa. Tangu siku hiyo Mastura alipopita, watu walimuuliza, "Leo umenusa nini?"

Naye alicheka nao. Lakini neno lile lilimkaa moyoni.

*

Asubuhi moja upepo ulikuwa mkali. Mastura alitoka kwa Bi Tumu na makaa mawili katika kumbi. Alipofika dukani, njia ilikuwa imezibwa. Wakulima walikuwa wameleta pamba kwa punda, na magunia yalijazana barazani kwa Bhikhubhai yakingoja kuingizwa ghalani. Fondo, hamali wa duka, alikuwa akiyabeba na mwenzake.

Mastura alipanda ukingo wa baraza ili awapishe punda. Pindo la leso yake likanasa kwenye gunia. Akavuta. Kumbi likainama mkononi.

Alipotazama ndani ya kumbi, palikuwa na kaa moja.

Aliangalia chini. Aliangalia kati ya magunia. Gunia moja lilikuwa limeshonwa vibaya, mdomo wake uko wazi kidogo, pamba imechungulia nje. Hakuona moto. Hakuona moshi.

"Pita, mama, tunabeba," alisema Fondo, na gunia lile likapanda begani mwake.

Mastura alifungua mdomo. Nyuma yake punda walisukumana. Mkulima mmoja alimhimiza asogee. Upepo ulikuwa ukila lile kaa lililobaki. Akajiambia, huenda limeanguka mchangani. Huenda limezimika. Akaenda zake.

Jikoni aliwasha moto, akapika uji, lakini hakujua kama ameutia chumvi au la.

Adhuhuri Zubeir alikuja kula. Mastura alimwekea wali, akaketi, akainuka, akafuta mahali palipokuwa pasafi.

"Pamba ya leo mmeiweka wapi?" aliuliza.

"Ghalani. Wataka kuinunua?"

"Nauliza tu. Imekaa upande gani?"

"Upande wetu huu, imeegemea ukuta. Mbele yake yamepangwa madebe ya mafuta ya taa yaliyokuja juzi. Mbona waniuliza kama karani wa forodha?"

"Hamkuona kitu?"

"Kitu gani?"

Mastura alimtazama mumewe. Alikuwa na vumbi la pamba kwenye nyusi. Kazi ile aliipata kwa shida, baada ya kukaa nyumbani tangu mwezi wa Ramadhani. Je, atamwambia kwamba mkewe ametia moto katika mali ya tajiri wake? Na kama hakuna moto wowote? Watacheka tena, na safari hii watacheka mpaka tajiri asikie.

"Hakuna," alisema. "Kula, wali unapoa."

Zubeir aliporudi kazini, Mastura alimchukua Mwanaidi kutoka kitanda kilichoegemea ukuta wa ghala. Alimlaza upande wa pili wa chumba. Kisha akaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa baridi. Akakiondoa, akakiweka tena.

*

Siku ya pili asubuhi aliisikia harufu.

Haikuwa harufu ya kuni, wala ya makuti. Ilikuwa kama kitambaa kilichounguzwa kwa pasi. Ilikuja, ikapotea, ikaja tena. Mastura alizunguka nyumba akinusa. Akatoka na mtoto kiunoni, akaenda kwa Bi Tumu.

"Bi Tumu, husikii harufu?"

Bi Tumu alikuwa akichambua mchicha. Hakuinua macho. "Mwanangu, nguo zangu leo ni kavu. Niachie zikae kavu."

"Si kwako. Ni huku kwetu."

"Basi ni kwenu. Utazoea."

Mastura akaenda hadi mlango wa ghala. Fondo alikuwa ameketi juu ya rundo la kamba, anakula muhogo.

"Fondo, humo ndani hakuna harufu?"

"Harufu?" Fondo alitafuna kwanza. "Mama Mwanaidi, humu mna harufu ya mafuta ya taa, ya ngozi za mbuzi, ya bizari, na ya mimi mwenyewe. Wataka ipi?"

Mastura akajaribu kucheka. Kutoka hapo alikwenda kwa Abdalla, mzee wa mtaa. Aliitwa mzee kwa cheo tu. Alikuwa kijana bado, mwenye haraka, na siku hiyo alikuwa anaamua ugomvi wa mbuzi. Hata hivyo alimsikiliza.

"Nahisi kuna moto," alisema Mastura.

"Wapi?"

"Karibu na kwetu."

"Umeona moshi?"

"La."

"Umeona nini basi?"

Hapo neno lilikuwa ulimini mwake. Lakini wenye mbuzi walikuwa wanne, na wote walikuwa wakimtazama. Mmoja alikuwa ameanza kutabasamu.

"Nimesikia harufu tu," alisema.

Abdalla alimtuma mtu akaulize dukani. Mtu alirudi akasema dukani hakuna kitu. "Umesikia, dada," alisema Abdalla kwa upole. "Nenda ukapumzike. Ukiona moshi, niite."

Mastura alirudi, lakini hakupumzika. Ataona moshi lini? Ukionekana moshi juu ya paa la makuti, nani atawahi kuitwa?

*

Nyuma ya duka palikuwa na ua, na katika ua huo alikaa Chanchalben, mke wa Bhikhubhai. Wanawake wa mtaani walimwita Bi Chanchal. Alikuwa amekaa Malindi tangu alipoolewa, na Kiswahili alikijua vizuri, hata matusi yake. Alimpenda Mwanaidi na alizoea kumwekea kipande cha sukari guru.

Alasiri ilipokaribia, Mastura alibisha hodi uani. Alikaa juu ya mkeka, akainuka, akachungulia ukuta wa ghala, akakaa tena.

"Tulia, Mastura," alisema Bi Chanchal, ambaye alikuwa akianika pilipili. "Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga. Nini?"

"Hakuna. Nimekuja kukuamkia." Mastura alimlaza mtoto mapajani. "Bi Chanchal, kwenu ng'ambo mnalima pamba, sivyo?"

"Kwetu hakuna kitu ila pamba. Baba yangu alikuwa na ghala mara tatu ya hili."

"Sasa kaa dogo la moto likiingia katika gunia la pamba, huzimika?"

Mkono wa Bi Chanchal ulisimama juu ya pilipili.

"Nani ametia kaa katika pamba?"

"Nauliza tu."

"Mtu haulizi kitu kama hicho tu." Bi Chanchal alifuta mikono yake. "Nitakujibu, lakini nawe utanijibu. Makuti yakishika moto, hulia. Unaona, unasikia, unakimbia. Pamba hailii. Kaa likiingia ndani ya pamba hujificha. Hula polepole, kama funza ndani ya embe. Siku nzima, hata siku mbili. Ukitazama gunia kwa nje ni zima. Ukilisogeza likapata upepo, au moto ukafika nje wenyewe, hapo halizimwi kwa mtungi mmoja. Dalili yake ni harufu ya kitambaa kilichoungua. Inakuja na kupotea."

"Inakuja na kupotea," alirudia Mastura.

"Na mbele ya magunia yale mume wangu amepanga mafuta ya taa. Nilimwambia asipange. Haya, jibu langu liko wapi?"

Mastura alimtazama mtoto. Mwanaidi alikuwa amelala, mdomo wazi, sukari imemganda shavuni. Alimkumbuka yule mama wa Takaungu na kumbi lake tupu. Aliona mlango wa Bi Tumu. Alisikia neno lile, *umezimika*, kana kwamba limesemwa pale pale uani. Kisha akaiona ile harufu kwa macho, ikipita katika mawe ya ukuta kuelekea kitanda cha mtoto.

"Ni mimi," alisema. "Kaa langu limeanguka."

"Wapi?"

"Barazani kwenu."

"Lini?"

"Jana asubuhi, saa ya kuchukua moto."

"Liliingia katika gunia, ama lilianguka chini?"

"Sikuliona chini. Palikuwa na gunia limeshonwa vibaya. Fondo alilibeba wakati ule ule. Ndilo lile, Bi Chanchal, najua ndilo."

Bi Chanchal alikuwa amekwisha simama. "Hilo ndilo neno la kusema. Harufu haina mlango, mwanangu. Umezunguka nayo mtaa mzima na hakuna aliyejua aingilie wapi. Sasa umenipa mlango. Haya, twende."

*

Bhikhubhai aliposikia, alishika kichwa. Akakimbilia mlango mkubwa wa ghala auvute wazi wote.

"Usifungue hivyo," alisema mkewe. "Upepo ukiingia kwa nguvu utaupa moto chakula. Fungua upande mmoja tu. Madebe ya mafuta yatoke kwanza. Pamba isiguswe mpaka mafuta yametoka."

"Pamba yangu inaungua nawe wataka nihamishe madebe?"

"Ndiyo. Madebe kwanza."

Fondo na wenzake walitoa madebe moja moja, wakayapeleka mbali, upande upepo unakotokea. Safari hii Abdalla alipoletewa habari, haikuwa ya harufu. Aliambiwa: kaa la moto, katika gunia la pamba, ghalani kwa Bhikhubhai, tangu jana asubuhi. Aliwaacha watu wa mbuzi na mbuzi wao akaja mbio. Alitoa watoto na wagonjwa katika nyumba zote zilizopakana na ghala. Alipanga wanawake mstari kutoka kisimani, kila mmoja na mtungi wake. Mwanaidi alipakatwa na Bi Tumu, mbali kabisa.

Ghalani walisimama mbele ya magunia. Yote yalikuwa meupe, mazima, yamefanana.

"Ni lipi?" aliuliza Zubeir. Sauti yake ilikuwa kavu. Alikuwa hajamtazama mkewe bado.

Bi Chanchal, kichwa chake kimefunikwa mtandio, alitoa sindano kubwa ya kushonea magunia, ndefu kama mkono wa mtoto. "Ichome mpaka ndani," alimwambia Fondo. "Iache kidogo. Ichomoe polepole, kisha iguse kwa mgongo wa mkono."

Fondo alichoma gunia la kwanza. Baridi. Likafuata jingine. Baridi. Bhikhubhai alianza kunung'unika kwamba pengine ni maneno ya bure. Fondo alichoma gunia lililokuwa karibu na ukuta, chini, lenye mshono mbaya. Alipoichomoa sindano na kuigusa, aliiangusha.

"Inachoma," alisema.

Walifunika gunia kwa mikeka iliyoloweshwa maji. Walilibeba taratibu, bila kulitikisa, hadi mchangani penye uwanja, ambako hakuna paa upande wa chini wa upepo. Pale Abdalla akalipasua kwa panga, amesimama mbali kadiri alivyoweza.

Pamba ya ndani ilikuwa nyeusi kama sufuria. Katikati ilikuwa nyekundu. Upepo ulipoigusa, moto uliruka juu kumpita mtu kimo, na watu wote wakarudi nyuma pamoja.

Walimwaga maji. Moto ulilala, ukaamka. Walimwaga tena. Bi Chanchal aliwaambia wasiridhike. Wachimbe shimo, waizamishe pamba yote katika maji, kwa sababu pamba iliyozimwa juu huwaka tena chini. Gunia lililokuwa jirani nalo lilikuwa vuguvugu. Nalo likatolewa. Sindano iliendelea hadi gunia la mwisho.

Walipomaliza, Bhikhubhai alimgeukia Mastura. Nguo zake zilikuwa zimejaa masizi.

"Jana asubuhi," alisema. "Umejua tangu jana asubuhi. Ukapita hapa, ukaamkia watu, ukanyamaza."

Wanawake waliokuwa kwenye mstari walimtazama Mastura, kisha wakatazamana. Aliujua mtazamo ule. Aliuona Takaungu.

"Angenyamaza na leo pia," alisema Bi Chanchal, "tungekuwa hapa tunatafuta watoto. Nawe pia, mafuta yako uliyaweka wapi?"

Bhikhubhai aligeukia madebe yake, akaanza kuyahesabu.

*

Asubuhi iliyofuata jiko la Mastura lilikuwa baridi. Zubeir alikuwa ameketi mlangoni. Usiku uliopita walisema machache. Alimwambia neno moja tu: "Ungeniambia mimi." Naye Mastura alilia, kwa sababu ilikuwa kweli.

"Huendi kuchukua moto?" aliuliza sasa.

"Sina uso."

"Mtoto anataka uji."

"Najua." Alichukua kumbi. Akaliweka chini. Akalichukua tena. Mwanaidi alikuwa akilia na kuvuta leso yake. Mastura alifika hadi kizingiti akasimama. Kutoka pale aliuona moshi wa Bi Tumu, na wanawake wakiingia na kutoka.

Kisha akamwona Bi Tumu mwenyewe akija. Alitembea polepole, mkono mmoja kiunoni. Mkono wa pili alishika kijungu cha udongo kilichofunikwa kigae.

"Wanichosha," alisema Bi Tumu. "Mtu mzima kama mimi nitembeze moto mitaani kwa sababu wewe umelala?"

"Shikamoo, Bi Tumu. Nilidhani..." Mastura alishindwa. "Nilidhani umezimika."

Bi Tumu alikitua kijungu.

"Nisikudanganye," alisema. "Jana nilitaka kukwambia hivyo. Nimelala na neno hilo mdomoni. Nilimpakata mtoto wako, naye akanilowesha, nikasema, mama yake angetuua sote. Lakini alfajiri nikafikiri. Nikikunyima wewe moto leo, kesho mwingine akiangusha kaa, atasema? Hatasema. Atafanya kama ulivyofanya jana na juzi. Atazunguka akinusa. Basi ni sisi tuliokufunga mdomo, na desturi yetu hii."

"Nilichelewa, Bi Tumu."

"Ulichelewa sana. Lakini ulisema. Washa moto, mtoto analia."

Mastura alipuliza makaa yale. Safari hii macho yalimtoka machozi, na alisema ni moshi.

*

Mtaa ulibadilika, ingawa si kwa siku moja.

Bi Chanchal aliwafundisha wanawake uani kwake, baada ya sala ya alasiri. Aliunguza kipande cha pamba, kipande cha kuti na kitambaa chenye mafuta ya taa, akawafumba macho wakanusa mpaka wakajua kutofautisha. Aliwafundisha kuweka mgongo wa mkono ukutani na mlangoni, kwani mlango wenye joto haufunguliwi. Na kila mmoja alilazimika kusimama na kutoa habari ya moto kama anayekwenda kwa mzee wa mtaa: nimeona nini, wapi, tangu lini. Aliyeanza kwa "nahisi" alirudishwa kukaa. Mastura alirudishwa mara nyingi kuliko wote, na walicheka, lakini kicheko kile hakikumchoma.

Abdalla naye aliwafundisha wanaume. Chini ya upenu wake zilitundikwa ngazi na pembo ndefu, miti yenye kulabu, za kuvutia makuti chini kabla moto haujaruka nyumba ya pili. Debe tupu lilitundikwa hapo pia. Likipigwa mfululizo, kila mtu ajue ni moto, na anayelipiga asimame pale pale mpaka amesema ni wapi. Watoto walikatazwa kulichezea, isipokuwa siku ya mazoezi. Siku hiyo hakuna aliyesikika isipokuwa wao.

Kila kona iliwekwa madebe ya mchanga. Hayo yalileta taabu, kwani paka wa mtaa waliyafanya choo. Bhikhubhai alilalamika kwa sauti, kisha akatoa mbao za vifuniko. Alijenga pia kibanda cha mawe pembeni kwa ajili ya mafuta ya taa peke yake, na magunia ya pamba hayakulala tena barazani saa ya kuchukua moto. Moto wenyewe haukubebwa tena katika kumbi. Ulibebwa katika kijungu chenye kigae juu. Bi Tumu alimrudisha kila aliyekuja na kumbi.

"Nenda kalete chenye kifuniko," alisema. Mastura alikuwa amekwisha msimulia habari za yule mama wa kwao. "Ukirudi nacho, moto upo. Mimi si wa Takaungu."

*

Mwaka ulizunguka. Kaskazi ikarudi na makuti yakakauka.

Fondo alikuwa ameoa, na mkewe Kanze alikuwa ametoka kwao Kaloleni wiki chache tu. Asubuhi moja Mastura alikuwa akimfukuza Mwanaidi uani, ambaye sasa alikimbia. Kanze akatokea, leso imemwanguka begani, anahema.

"Mama, nimeangusha moto," alisema. "Kijungu kimenivunjikia. Nyuma ya nyumba ya Bi Tumu, kwenye lundo la makumbi. Sasa hivi."

Mastura hakuuliza la pili. Alimpa jirani mtoto, akakimbia hadi kwa Abdalla, akalipiga debe. Alisimama pale pale, akasema lundo la makumbi, nyuma kwa Bi Tumu, sasa hivi. Wanaume walipita na pembo. Wanawake walifika na mchanga kabla ya wanaume. Upepo ulikuwa umekwisha rusha cheche kwenye pembe ya paa. Walivuta makuti ya pembe ile chini, wakayakanyaga, wakayafukia. Maji yalimwagwa juu ya yale yaliyobaki.

Kisha pakabaki mvuke tu na watu wanaokohoa.

Bi Tumu alitoka ndani ya nyumba yake, maji yakimchuruzika. Alilitazama paa lake lenye pengo. Akazitazama nguo alizokuwa ameanika.

"Zimeloa tena," alisema.

Watu walicheka, isipokuwa Kanze. Alikuwa amesimama peke yake kando ya njia, mkononi ameshika kigae cha kile kijungu kilichovunjika. Alikuwa mgeni, lakini desturi ile ilikuwa imemfikia. Alitazama uso mmoja baada ya mwingine, akingoja kuona nani atakuwa wa kwanza kumpa kisogo.

Mastura aliingia jikoni kwake. Alitoka na kijungu chake mwenyewe, kimetiwa makaa, kimefunikwa. Akamwekea Kanze mikononi.

"Chukua," alisema. "Mumeo anakwenda kazini bila uji."